Shuka Juu ya Nyasi za Shule

Ijumaa, 3 Septemba 1954

Imepita tena! Katikati ya imla. Sentensi ya tano: "Mkulima mwema hupalilia kahawa yake kabla ya mvua." Nilifika "mkulima mwema" tu — ngurumo! Vumbi la paa likatumwagikia vichwani, darasa zima likatoka mbio kupunga mikono. Nimepima kwa saa yangu. Ndege imepita kwa nusu dakika. Mpaka wa mwisho arudi kwenye dawati, dakika kumi na nne.

Uwanja wa ndege wa mgodi uko hatua mia tatu juu ya shule. Jumanne na Ijumaa ndege inatua, kisha inarudi Bukoba asubuhi hiyo hiyo. Lazima ipite kwetu, maana upande wa pili ni kilima. Hilo nalielewa. Lakini mtihani wa darasa la nne mwaka huu tena ni Ijumaa!

Mwaka jana walifanya tisa, wakafaulu wawili. Cassian, mwenye akili kuliko wote, pale ambapo hakusikia akaandika: "Hapa ndege imepita." Mtoto mkweli. Akapewa sifuri. Leo anasukuma toroli mgodini. Sitakubali tena.

Jumanne, 7 Septemba

Nimepeleka barua kwa meneja wa mgodi. Hakuifungua. Akacheka, akasema kwa Kiswahili chake: "Wewe nataka mimi funga mbingu?" Nikamjibu sitaki mbingu, nataka asubuhi moja. Akarudi kwenye chai yake.

Haidhuru. Karatasi ninazo nyingi.

Jumatano, 22 Septemba

Barua ya tatu. Safari hii nimeambatisha hesabu: siku sita za ndege, mara kumi na mbili juu ya paa letu, dakika mia moja sitini na nane za masomo zimepotea. Nikaongeza ng'ombe wa jirani wanaozuia maziwa kila wakisikia ngurumo. Meneja akaisoma mara mbili. Akauliza nani alinifundisha kuhesabu. Mama yangu, nikasema, kwa vichane vya ndizi.

Amekubali! Siku ya mtihani ndege haitaruka wala kutua toka saa tatu hadi saa sita. Na kwa kuwa ofisi ya elimu hupenda kubadili tarehe dakika ya mwisho, tumewekeana ishara. Shuka jeupe likitandazwa kwenye nyasi za shule — kimya. Likiondolewa, ruhusa. Ameandika, amegonga muhuri, nakala kwa rubani. Nimerudi nyumbani nikiimba peke yangu njia nzima, watu wakadhani nimepita kwenye pombe ya rubisi.

Jumapili, 10 Oktoba

Baada ya ibada kaja Byarugaba, mlinzi wa uwanja wa ndege. Ndiye anayeondoa yale mapipa yanayopangwa kwenye njia ya ndege ng'ombe wasiingie. Asipoyabingirisha pembeni, ndege haiendi popote. Nikamwonyesha barua. Hajui kusoma. Akasema hayo ni maneno kati yangu na mzungu, yeye hayamfungi.

Nikamkaribisha kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote. Akapasua tunda moja, punje mbili ndani. Moja akanipa, moja akabaki nayo. Nikashtuka. Ndivyo wazee wetu walivyounga udugu, ila wao waliipaka damu kwanza. Nikamtania: mimi mwalimu wa Kilutheri bwana, damu hapana. Yeye hakucheka. Tukatafuna. Akasema shuka likiwa chini, pipa halitasogea, aje nani aende nani.

Mimi nilifurahi tu! Niliona nimetia kufuli ya pili mlangoni. Aliaga mapema, mkewe Kemigisha ni mzito, mimba ya kwanza.

Jumatatu, 1 Novemba

Shuka limefuliwa. Ni la kitanda chetu, hatuna jeupe jingine. Mke wangu Eustadia amenuna. Anasema mume wake angeoa hiyo shule.

Watahiniwa kumi na mmoja. Kokubanza, yule msichana anayetoka Nyakakika na kulala kwa shangazi yake, leo hana kosa hata moja katika imla. Hata moja! Nimewaambia wote: ikitokea ndege ikapita, hakuna kuinuka. Msichosikia acheni nafasi, endeleeni. Msimamizi atafika Alhamisi kutoka Bukoba, Bwana Mutalemwa. Wanasema ni mkali.

Ijumaa, 5 Novemba

Saa mbili na nusu. Shuka liko chini, mawe manne pembeni. Ndege imetua mapema, kabla sijalitandaza, na kuzima. Kimya mpaka nasikia kuku wa jirani akiparua. Ahsante Mungu.

Saa tatu na dakika arobaini. Naandika nje, nimelikalia shuka lililokunjwa. 

Nilikuwa sentensi ya tatu ya imla. Mlangoni akasimama Mama Kokwijuka, mama yake Byarugaba, matope mpaka magotini. Shikamoo yangu hakuingoja.

"Mwalimu wetu, waitu, ondoa hicho kitambaa! Kemigisha anahangaika na uchungu tangu jana jioni. Dresa wa zahanati amesema hawezi, apelekwe Bukoba akapasuliwe. Yuko kwenye machela chini ya bawa, rubani anaonyesha shuka lako. Na mwanangu amekalia pipa! Analia, lakini hanyanyuki. Anasema alikula kahawa na wewe!"

Byarugaba angekuja kuniomba, hatua mia tatu tu. Hakuja. Kwake kuniomba ni kuvunja kiapo. Na mimi nilitania! Nimejichukia pale pale, chaki mkononi.

Bwana Mutalemwa akasema taratibu kwamba imla haisimami. Nikitoka sirudi, ataendelea yeye, na jina langu litaandikwa katika ripoti. Nikamwambia ndege itapita. Akasema hayo si ya mtihani.

Ningependa kuandika kwamba sikufikiri. Nilifikiri. Nilimtazama Kokubanza, kalamu yake hewani. Zilibaki sentensi saba. Kwa mwendo wangu, dakika ishirini. Kisha nikaweka karatasi mezani nikatoka.

Nililivuta shuka, mawe yakaruka. Nikapanda mteremko nikilipunga, nikamwita kwa nguvu zote. Byarugaba! Ndugu yangu! Nimekufungulia! Akasimama. Nikaona mapipa yanabingirika, moja, la pili, la tatu. Mama Kokwijuka alikuwa bado njiani, ameshika kiuno.

Basi nimerudi hapa chini ya dirisha. Ndani sauti ya Bwana Mutalemwa, pole pole kupita kiasi. Sentensi ya tano. Harakisha, mzee!

Huko juu wamezungusha panga la mbele la ndege kuiwasha. Ikakohoa. Ikazima. Wamezungusha tena. Ikazima. Injini imekaa ikapoa, zaidi ya saa nzima, kwa ajili ya barua yangu.

Sentensi ya sita. Inatajwa mvua, na ghala. Neno gumu, ghala. Nimesikia kalamu zote.

Miezi miwili nimepigania kimya. Leo ninacho, na sikitaki. Ee Mungu, ngurumo! Hata kama ni juu ya vichwa vyao.

Kokubanza ameinua macho, amenitazama dirishani. Nimemwashiria: andika.

Sentensi ya saba. Saa tatu na dakika hamsini. Wanazungusha tena, bado kimya.