Kufuli la Maombi

Jumanne, 4 Machi

Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Pili mpaka shingo ikauma. Saa kumi nikapita ofisi ya kanisa, kama kila Jumanne, kuangalia mfumo wa maombi ya siri. Maombi mapya kumi na moja. Siyasomi. Yanajifunga kwenye simu ya anayeomba, na wanaoyafungua ni Mama Kilonzo na mwenzake tu, wazee wa maombi. Mfumo niliutengeneza mimi. Nilisimama mbele ya waumini nikasema hata mimi fundi wake sioni kitu. Wakanipigia makofi, na nilifurahi.

Maandishi mekundu tena kwenye kompyuta: kufuli limepitwa na wakati. Nimeyazoea. Kufuli lenyewe si langu, ni programu ya watu niliyoiazima bure. Mwaka juzi niliweka toleo jipya, simu za kina mama zikagoma. Wakanilalamikia wiki nzima. Nikarudisha la zamani.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeyasoma yale maandishi mekundu mpaka mwisho. Kufuli lina kasoro. Funguo zake zinaweza kubahatishwa na kompyuta ya kawaida, na namna ya kufanya hivyo imeandikwa mtandaoni hatua kwa hatua, kama mapishi ya keki. Nikajaribu ombi moja la mwezi jana. Dakika ishirini, likafunguka.

Ni la Mumbua binti Nzioka, kwao Kasikeu, aliyeolewa hapa Kitui na Mutisya. Alitoroka kipigo. Yuko Kiboko, anauza matikiti maji kando ya barabara kuu, watoto anao. Anaomba Mungu amfiche, mumewe asimwone.

Kina mama huandika hivyo. Jina la baba, soko la kwao, mahali walipo, ili Mungu asiwachanganye na kina Mumbua wengine. Kana kwamba Mungu ni karani wa chifu. Sikuwakataza. Mimi ndiye niliyewaambia ni siri.

Mutisya namjua. Ni fundi wa simu na kompyuta hapa mjini. Nimefunga mlango wa ofisi nikakaa tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeangalia kumbukumbu za mfumo. Kuna mtu alinakili maombi yote, Jumamosi ya wiki mbili zilizopita. Si sisi.

Nimeweka kufuli jipya. Nimefunga zizi, mbuzi wameshatoka.

Mumbua alituma ombi kwa simu ya kuazima. Nimepiga mara sita, haipatikani. Nikamwambia pasta yote. Akasema huenda ni mtoto wa shule alikuwa anacheza, tusitie watu hofu, nirekebishe kimyakimya na yeye ataliombea jambo hili. Nikaitikia. Nilifarijika kuambiwa nisiseme. Hiyo ndiyo aibu yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Naogopa. Sijafanya kitu.

Jumapili, 9 Machi

Sikumbuki mahubiri.

Wakati wa shuhuda Mutisya alisimama. Hajaonekana kanisani tangu Krismasi. Suruali imepigwa pasi, sauti ya upole.

"Bwana asifiwe. Wapendwa, niombeeni safari. Siku ya Jumanne naenda kumchukua mama watoto. Mungu amenionyesha mahali ako."

Kanisa likasema amina. Wengine walilia kwa furaha. Pasta akamwita mbele, akamwekea mikono. Alipokuwa akiomba alifungua macho akaniangalia, akayafumba haraka. Sasa naye anajua.

Si Mungu aliyemwonyesha. Ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemdanganya mwalimu mkuu kwamba naumwa. Nimeondoka alfajiri kwa matatu kupitia Kibwezi. Kila pikipiki iliyotupita nilidhani ni Mutisya ameamua kutangulia.

Kiboko nilimpata saa nne, chini ya turubai la buluu, anapanga tikiti. Mdogo amelala kwenye kanga. Alinitambua akatabasamu, akadhani nimeleta salamu za kanisa. Nikamweleza kwa haraka na vibaya, maneno yakigongana. Hakulia. Alikaa kwenye gunia akaniangalia.

"Lakini Mwalimu, si ulituambia hata wewe huwezi soma?"

Nikasema ndiyo, niliwaambia.

Akamwachia jirani tikiti zote, akaenda kumtoa mkubwa shuleni. Mabegi mawili na sufuria. Alianza kunitajia anakoelekea, nikamziba mdomo kwa mkono wangu. Mtu mzima mwenzangu. Akaelewa. Saa saba walikuwa wameshaondoka, na sikutazama walielekea upande gani.

Jumanne, 11 Machi

Kibanda cha Mutisya kimefungwa. Nimefundisha darasa moja somo lile lile mara mbili, hawakuniambia.

Jumatano, 12 Machi

Kibanda kimefunguliwa. Amerudi peke yake. Jioni alipita nje ya lango la shule, polepole, akarudi akapita tena. Nimehamia kwa dada yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Kina mama walikuwa kumi na wanne kwenye maombi ya leo. Nilisimama kabla ya wimbo nikawaambia. Kufuli, makosa yangu, zile siku nilizonyamaza. Kila aliyeandika alipo afikirie ni nani anaweza kuwa amesoma. Pasta alikuwa ameketi nyuma, hakunikatiza. Hakuna aliyepiga makofi. Wawili walitoka hapo hapo kwenda kupiga simu. Mmoja, ambaye simjui vizuri, hakuniangalia tena.

Kisha tukaomba. Mama Kilonzo alianza na Mumbua, kwa sauti yake ile ya kila siku. Mlinde dada yetu, Baba, pamoja na watoto wake, huko aliko, huko...

Alinyamaza. Sote tukangoja. Nje mtu alikuwa anachota maji kwenye tangi.

"Wewe unapajua, Baba," akasema, akaendelea na wagonjwa.