Bibi wa Chini ya Ukuta

Labangon, Cebu
19 Juni 1998

Mpendwa mdogo wangu Remedios, Meding wangu,

Pokea salamu za kaka yako, nyingi kuliko mvua inayonyesha huku. U hali gani huko Hong Kong? Mgongo umepoa, au bado unabebeshwa yule mtoto mnene wa bosi wako ambaye ana miguu yake mwenyewe? Sisi hapa ni wazima. Mke wangu Charing ni mzima, ananenepa kwa kunisema. Mimi usiniulize. Mwanamume aliyevuka Ghuba ya Biskaya mara nne haulizwi afya.

Kabla ya yote: Liling mwanao ni mzima. Nairudia ili moyo wako utue: mzima, anakula, anapiga kelele, ameng'oka jino la mbele. Ile barua ya kuacha kazi uliyosema utampa bosi mwisho wa mwezi, usimpe. Kama umeshampa, mwambie uliandika ukiwa na homa. Soma kwanza mpaka mwisho.

Najua Shangazi Pilar alikumwagia yote Jumapili. Mimi kwenye simu ile ya dukani sikuweza kukujibu, foleni nzima ilikuwa imetega masikio na dakika zikaisha. Ndiyo maana barua hii nampa Efren, baharia mwenzangu, anapanda ndege kesho na ataileta mkononi mwako hapo kanisani. Mpe chai, ila usimwamini akianza kusimulia habari zangu za bandari ya Santos.

Shangazi hakusema uongo. Tangu Mei, kila adhuhuri watu wakilala, Liling alikuwa anakwenda nyuma ya banda la nguruwe, anachuchumaa kwenye ule ukuta wa matofali, anaongea peke yake. Charing akamuuliza anaongea na nani. "Na Bibi wa Chini," akasema. "Kasema mwenyewe hana meno. Nywele zake zinafika hapa. Anakaa chini." Tulicheka. Mimi nilimwambia Charing, mtoto wa miaka mitano asiye na rafiki wa kubuni ndiye wa kupelekwa hospitali. Mimi wangu alikuwa na farasi na bastola.

Kicheko kilikatika siku Liling aliposukuma sahani ya dagaa. "Sitaki chumvi. Bibi wa Chini hali chumvi."

Meding, kijiko kilinidondoka. Wewe na mimi tumenyonya titi moja, tukafundishwa na mama mmoja. Nani asiyejua kwamba wasiokula chumvi ni mizimu, wale wa chini ya ardhi? Na nani asiyejua kwamba mtu akizoea chakula chao kisicho chumvi, siku moja anawafuata na harudi? Basi mtoto akawa anataka wali mweupe tu, ule wa kufungwa kwenye makuti, tena nusu yake anaibeba kwenda ukutani na kurudi mikono mitupu. Maji nayo akaanza kuyakataa. "Bibi kasema tukinywa mengi tunavimba." Akakonda mpaka mbavu zinahesabika.

Charing akamkalisha amuulize vizuri. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, si kwa woga, kwa mbinu.

"Huyo Bibi anakwambia nini, mwanangu?"

"Anasema wanamtoa damu. Mashine inaitoa yote, inaiosha, halafu inamrudishia."

"Mama yangu! Na nini tena?"

"Akiondoka atanichukua."

Hapo ndipo Shangazi Pilar alipochukua rozari yake akaenda kuketi dukani kungoja simu yako. Simlaumu. Ningekuwa na simu ya Papa mwenyewe ningempigia.

Jioni ile ile ya Jumapili nikamleta Mzee Kulas, mganga, yule aliyemwangalia marehemu baba. Akayeyusha mshumaa, akadondoshea nta kwenye beseni la maji, akaitazama hadi shingo yangu ikaniuma. "Mwanamke," akasema. "Mzee. Ana njaa." Mimi nimeona waganga wa bandari nyingi, lakini huyu, kwa haki ya Mungu, hakukosea hata neno moja, kama utakavyoona. Akaagiza jogoo mweusi, apikwe bila chembe ya chumvi, awekwe adhuhuri pale pale ukutani, na wote tugeuze migongo yeye anapoomba tuachiwe mtoto.

Jumatatu adhuhuri tukasimama. Charing kamkumbatia Liling. Sahani iko chini, kwenye lile tundu la kupitishia maji ya mvua. Mzee Kulas akasoma maneno yake ya Kilatini na yasiyo Kilatini, akamaliza kwa sauti nzito: "Pokea hiki, utuachie mtoto wetu!"

Halafu, Meding, tukasikia sahani inaburutwa. Krrr. Halafu mtu anatafuna. Halafu sauti ikatoka ardhini:

"Kuku mgumu huyu, jamani. Lakini asanteni, Mungu awazidishie."

Mzee Kulas ameongea na mizimu miaka arobaini. Siku mizimu ilipomjibu, alipita katikati ya nguruwe, na kiatu chake kimoja tunacho mpaka leo. Mimi sikukimbia. Nilirudi nyuma kidogo ili nione vizuri, nikajikuta juu ya tangi la maji. Liling anacheka hadi anajishika tumbo. Aliyebaki pale ni Charing peke yake. Alipiga magoti akachungulia tunduni.

"Wewe ni mtu au ni nani?"

"Mtu, mwanangu, ningekuwa nani? Mimi Sidra wa visiwa vya Camotes. Wewe ndiye mama yake Liling?"

"Mimi mke wa mjomba wake."

"Aa, yule baharia hodari! Yuko wapi?"

"Yuko juu ya tangi."

Tukazunguka kwa njia ya kanisani hadi mtaa wa nyuma. Unaikumbuka ile nyumba iliyong'olewa paa na kimbunga? Tulidhani bado tupu. Kumbe tangu Aprili kapanga humo bwana mmoja, Rogelio, msuka viti vya henzirani kiwandani, akamleta shangazi yake kutoka visiwani kwa ajili ya figo. Mara mbili kwa wiki anampeleka hospitali, damu inapitishwa kwenye mashine, inasafishwa, inarudishwa. Chumvi ni sumu kwake. Maji anapimiwa kwa kikombe. Miguu imevimba haimbebi, kwa hiyo anashinda kwenye mkeka, mgongo ukutani penye ubaridi, mdomo wake usawa wa tundu. Rogelio anaondoka alfajiri, anarudi jua limezama, na chakula alichomwachia kinaisha saa nne. Na kule kumchukua mtoto? Alimwahidi kwamba akipona atampeleka Camotes kwenye sikukuu ya mtakatifu wao, akale nguruwe wa kuchoma.

Charing alipotoka mle hakuniangalia usoni. "Mlinzi wa geti la Rotterdam unamjua kwa jina," akasema, "na mgonjwa wa hatua tano kutoka kitandani kwako humjui."

Jumatano nilichukua nyundo nikautoboa ukuta, nikatia mlango. Mwenye nyumba sijamwambia bado, nasubiri siku atakayokuwa amelewa. Sasa adhuhuri Charing anapika sufuria mbili, moja yenye chumvi na moja isiyo nayo, na anaishi na shangazi wa watu kama mama mkwe, maana yake wanagombana. Bibi Sidra ndiye aliyemponya Liling, si mimi wala mganga. Alimwita akamwambia: "Wewe mjinga mdogo, zilizokufa ni figo zangu, si zako. Kaa hapa ule ginamos hii ya dagaa wa chumvi mbele yangu, nami nipate harufu." Mtoto akala hadi akalamba kidole. Daktari hasemi mengi juu ya bibi, na sisi hatuulizi mengi.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu, mimi niliyeikimbia shule darasa la sita. Jana nilimpakata Liling nikamuuliza, hivi wewe hukuogopa? Sauti inatoka ukutani, mtu humwoni, wewe unakaa tu unapiga soga?

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Mbona Mama naye ni sauti."

Meding, niliinuka nikaenda kuwaangalia nguruwe, na nguruwe hawakuwa na shida yoyote.

Alikuwa na miaka miwili ulipoondoka. Kwake wewe ni dakika tano za Jumapili, dukani, sikio likiwa limebanwa na simu. Anakupenda, usikosee hapo. Anakupenda kama alivyompenda yule wa ukutani, bila kukuona, na anadhani ndivyo watu wote wapendwavyo.

Kwa hiyo usivunje mkataba kwa sababu ya shetani, hakuna shetani. Umalize Desemba kwa heshima yako na cheti chako. Lakini ule mwingine wanaotaka utie sahihi, wa miaka miwili tena, usitie. Efren ameniulizia kwenye meli yao, wanataka mtu wa injini kuanzia Januari, nami nimeshasema ndiyo. Charing alilia kidogo, halafu akanipigia pasi mashati. Nitakachotuma kitawatosha wote, na wewe utakaa hapa na mwanao. Usibishane nami kwenye simu, foleni ni ndefu.

Shangazi Pilar anakusalimu na anasema hakuwa na hofu hata kidogo. Charing anakusalimu, Bibi Sidra pia, na Rogelio, ambaye amemsukia Liling kiti kidogo cha henzirani. Wasalimie wenzako wa kanisani, hasa yule wa Bohol anayepika vizuri.

Santo Niño, Mtoto Yesu wetu, akushike mkono mpaka ukanyage udongo wa Cebu. Liling amekuuliza swali moja, nimeahidi kulifikisha: ukija, utakuwa mrefu kiasi gani?

Ni mimi kaka yako, akupendaye kwa moyo wake wote mkubwa,

Teodulo