Uso Asioujua Tuse

Mbeya, Jumapili, mwezi wa saba, 1955

Asubuhi majani yote ya uani yalikuwa meupe kwa barafu. Mimi ni mtu wa Idodi, nilikulia kwenye joto na vumbi, na baridi ya huku mpaka leo sijaizoea. Mwaka huu ndiyo kabisa, maana kila mtu ana ruhusa ya kuota moto isipokuwa mimi.

Dresa wa hospitali, yule anayesafisha vidonda, amenikataza. Moto hapana, moshi hapana, jua hapana, sabuni hapana. Asubuhi nachemsha maji, nayaacha mpaka yapoe, nachovya kitambaa laini kilichokatwa kwenye nepi kuukuu ya Tuse, nagusa uso bila kusugua. Halafu mafuta ya mgando kidogo sana, kwa ncha ya kidole. Nalala chali kama maiti. Magamba yakijinyanyua niyaache yaanguke yenyewe.

Sikuyaacha yote. Lile la karibu na sikio la kushoto liliniwasha mpaka nikalivuta, na damu ikatoka. Dresa alipoona alitikisa kichwa. "Mama, hii ngozi imezaliwa juzi," alisema. "Ichunge kama unavyochunga kichanga." Nilimwitikia vizuri, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikalia huku nimejifunika kanga.

Maana kichanga ninacho. Na hakinitaki.

Niandike tu lilivyokuwa, labda roho itatulia. Tangu nimzae Tusekile nilitoka madoa meusi mashavuni, yale ambayo kwa wanawake wengine huondoka yenyewe. Yangu yalikaa. Baba Tuse anafanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu kule Makongolosi, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Safari moja alinitania: "Mama Tuse, umechorwa ramani ya Tanganyika nzima, mpaka na maziwa yake!" Nilicheka naye, tena nilicheka sana. Alipoondoka nilichukua kioo, nikaiona hiyo ramani.

Mjini yuko mama mmoja aliyerudi na mumewe kutoka migodi ya shaba ya Rhodesia. Ana chupa nyeusi. Alinilaza kwenye mkeka, akafunga pamba kwenye kijiti, akachovya, akanipaka. Harufu yake ni ileile ya dawa wanayosugulia sakafu ya wodi, na pua yangu iliniambia niinuke niende nyumbani. Sikuinuka. Akawa ananipepea kwa gazeti na kusema, "Vumilia, dada, ngozi mbovu inatoka, mpya inakuja."

Imekuja kweli. Jioni ile uso uligeuka mweupe kama wa mtu aliyeangukia unga. Kesho yake ukawa wa kahawia na mgumu, halafu ukavimba mpaka jicho la kulia likafumba. Sasa unaambuka. Mahali pengine ni pekundu, pengine peusi kuliko mwanzo, pengine hapana jina. Dresa anasema rangi huenda ikarudi nikikaa mbali na jua, huenda isirudi sawasawa. Ana maneno ya upole, lakini nilimwona anavyotazama karatasi yake wakati anayasema.

Haya yote ningeyabeba. Mimi si mtu wa kulialia, wanaonifahamu wanajua nina mdomo. Kama ni kucheka, wacheke, nitawajibu.

Lakini Tuse hana maneno ya kujibiwa. Ndiyo kwanza ameanza kutembea, anayumba kama mlevi. Siku niliporudi na uso ule alikuwa anakuja mbio kwangu, mikono juu, akafika karibu, akanitazama, akasimama. Akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, hata alipoungua uji. Nikamwita jina lake. Nilivyozidi kumwita ndivyo alivyozidi kulia, kwa sababu lile dubwana lilikuwa na sauti ya mama yake.

Hakunyonya usiku ule wala uliofuata. Mama mkwe, ambaye hana ubaya wowote, alimchukua nyumbani kwake. "Mtoto atalia mpaka augue," alisema. "Acha nikae naye mpaka upone." Nilikubali. Ningefanya nini?

Na hapo ndipo shida yangu ilipofungwa fundo. Mume wangu ni Mnyakyusa, na kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Kwetu Idodi heshima ya mkwe ipo, lakini si ya kukimbia vichakani. Huku nikisikia kikohozi chake natoka njiani, najifunika, nageukia pembeni mpaka apite. Nyumbani kwake sikanyagi. Nimeolewa hapa miaka na sura ya mzee huyo siijui, naye yangu haijui. Ni mzee wa kanisa, lakini suala hili halina mjadala kwake, na mimi sitakuwa mgeni wa kuja kuwavunjia watu heshima yao.

Kwa hiyo mwanangu anakaa kwenye nyumba pekee hapa duniani nisiyoruhusiwa kuingia. Iko nyuma ya mianzi tu. Namsikia akicheka. Namsikia akipiga sufuria kwa kijiko. Juzi nilimsikia anaita "mama, mama," nikainuka mzimamzima, halafu nikamsikia bibi yake akiitika.

Nilikaa chini tena.

Kila jioni mama mkwe anamleta mlangoni tujaribu. Nasimama mbali, natabasamu, na ngozi inavutika ninapotabasamu, sijui hilo tabasamu linaonekanaje. Tuse anazika uso shingoni kwa bibi yake na kumkaba. Jana nililia mbele yao. Mama mkwe akanikemea kwa huruma: "Usilie, mkamwana wangu, machozi yana chumvi, yatakuchoma." Ni kweli yanachoma. Yanapita kwenye ile ngozi changa yakiwasha njia nzima mpaka kidevuni. Kwa hiyo hata kulia nimekatazwa na dawa.

Kilichonitisha zaidi wiki hii ni maziwa. Kifua kilichokuwa kikijaa mpaka kinauma sasa kimelegea. Nakamua kwenye kikombe, yanatoka kidogo, namwaga nje nyuma ya nyumba. Yakikauka sitakuwa na kitu cha kumwitia. Bibi yake ana ng'ombe, ana moto, ana uso.

Leo watu wote wameenda kanisani. Mimi nilibaki kwa sababu ya jua. Nilikuwa nimekaa chini ya upenu, upande wa kivuli, nikasikia kikohozi cha mzee. Kilikuwa karibu mno. Nikajitupia kanga kichwani, nikaifunga vizuri usoni, nikageukia ukutani, nikijiuliza leo kuna nini mpaka mzee wa kanisa amekosa ibada.

Hakupita. Alisimama nje ya uzio wa mianzi, akaanza kuongea. Si na mimi, maana hawezi. Alikuwa anaongea na Tuse.

"Wewe Tuse," alisema, "bibi yako ameenda kusali. Mimi mzee umenishinda, umenivuta ndevu tangu asubuhi. Nenda kwa mama yako."

Tuse akaguna.

"Yule pale aliyejifunika ndiye mama yako. Unamwogopa nini? Mimi nimeishi naye miaka yote hii na uso wake sijauona hata mara moja, na bado ni mkamwana wangu. Njaa ya mtu naijua kwa kusikia. Huyo ana njaa yako."

Nilijiuma kidole chini ya kanga nisitoe sauti. Nilijibu moyoni, "ndaga," asante ya kwao, kwa sababu kwa mdomo nisingeweza. Katika watu wote wa hapa, ni huyo mzee peke yake ambaye kwake sijabadilika. Wengine wote wana uso wangu wa zamani wa kulinganisha.

Nikasikia anamshusha chini penye mwanya wa uzio, anaondoka, fimbo yake inagonga mawe. Tuse alianza kulia kwa kuachwa. Sikugeuka. Sikumwita jina, maana jina ndilo lililomtisha siku ile. Nilianza tu kuguna taratibu wimbo wa kwetu wa kubembelezea, ule aliokuwa anausikia kabla hajajua kuna kitu kinaitwa uso.

Kilio kikapungua. Kikawa kwikwi. Nikasikia vinyayo. Vikasimama. Vikaja tena. Halafu mkono mdogo wenye kamasi ukashika kanga yangu ubavuni, nikadhani ataivuta, nikaishika kwa nguvu usoni. Hakuivuta. Aliegemea. Akapanda mapajani mwenyewe kama alivyozoea, kwa magoti na viwiko bila huruma, akatafuta kifua, akakipata.

Maziwa yalikuja. Yesu wangu, yalikuja.

Alinyonya mpaka jasho likamtoka puani. Nilikuwa sioni kitu, uso mzima umefunikwa, ninamjua kwa uzito tu na kwa pumzi. Chini ya kanga machozi yalinichoma ipasavyo na sikuyajali. Alinishika kidole chote kwa kiganja chake. Akalala hapohapo, chuchu mdomoni.

Sasa amelala kitandani kwangu, na mimi naandika kwenye kigoda kando yake, pazia limefungwa. Kanga nimeitoa. Ilibidi, joto limeanza kuivimbisha ngozi tena na dresa alinionya kuhusu jasho.

Nimekuwa nikijipigia hesabu zisizo na majibu. Nikijifunika kila siku atanyonya, atanipanda, atalala. Atanizoea kama mtu asiye na kichwa. Na ngozi chini ya kanga itaoza, na siku nitakayoifunua itakuwa mbaya kuliko leo. Nisipojifunika atalia, bibi atakuja kumchukua, na maziwa haya ya leo yatakuwa ya mwisho. Baba yake akija mwisho wa mwezi atakuta kipi? Na yeye je, atanitazama mwanga ukiwepo, au ataomba tuzime taa? Sijui. Leo sina nafasi ya kumfikiria mtu mzima.

Nilipokuwa nampaka Tuse mafuta alipozaliwa, nilimkagua kila mahali, mikunjo ya shingo, nyuma ya masikio. Yeye naye alikuwa ananikagua mimi wakati wa kunyonya, macho yake hayabanduki usoni kwangu. Nilidhani ananipenda. Kumbe alikuwa anajifunza. Alijifunza uso ule wenye madoa, akaujua wote na ramani yake, na leo nalipia kosa la kuutupa. Hakuwahi kuyaona kuwa madoa. Kwake yalikuwa mama.

Anajigeuza. Mguu umetoka nje ya blanketi. Ibada imekwisha, watu wanarudi kutoka kanisani, nasikia sauti zao bondeni. Kanga iko magotini kwangu na sijui kama niivae.

Amesema "mama." Macho bado yamefumba. Nimejikuta naomba asiyafumbue.