Siri Niliyozama Nayo

Jumatatu, 6 Januari

Mitungi kumi na miwili nimeijaza hewa. Nguo za kuzamia nimezisuuza na kuzianika. Zipu ya yangu iligoma tumboni. Nikaivuta kwa nguvu, ikafunga.

Nimepima mara tatu. Mistari miwili, mara zote. Vijiti vya kupimia nimevifukia nyuma ya banda la kompresa.

Wageni wanne wa kuzamia wameingia leo. Nimewapa fomu ya afya na kuwasomea maswali kama kawaida. Moyo, pumu, masikio, ujauzito. Mnafiki mkubwa mie.

Jumanne, 7 Januari

Nimezama. Mita kumi na mbili tu, najiambia, kana kwamba kuna mtu wa kumdanganya. Sheria naijua: mwenye mimba hazami. Hewa ya mtungi huweza kumdhuru mtoto. Mimi mwenyewe huwafundisha wengine hivyo.

Mwaka juzi mimba ya kwanza ilitoka. Mavyaa wangu, Bi Time, alisema ni bahari. Daktari wa Wete alisema hutokea tu. Hamad, mume wangu, tangu siku ile hajaniuliza tena habari za kazi.

Nikisema sasa, basi. Bahari nitaiona nikienda Micheweni kumsaidia mama yangu kulima mwani, maji ya magotini. Nisiposema nikampoteza huyu, nitakuwa nimemuua mwenyewe.

Sina pa kutokea.

Jumatano, 8 Januari

Nimetapika mara mbili. Hamad nimemwambia ni samaki wa jana. Bi Time alikuwa uani anakuna nazi. Mlio wa mbuzi ya nazi ukakatika kidogo, kisha akaendelea.

Namwogopa.

Alhamisi, 9 Januari

Nimekwenda kwa meneja kuomba nisizame kesho. Mzamiaji mwenzangu Salim sikio limemvimba, yuko nje wiki nzima. Meneja hakunisikiliza hadi mwisho. "Watu wametoka mbali kwa ajili ya ukuta wa matumbawe wa Fundo. Nani atawapeleka, mimi?" Yeye hata kuogelea hajui. Ningemwambia sababu. Nikasema sawa, nikatoka.

Mgeni mmoja, Bi Greta, mjane wa Kijerumani, amenionyesha daftari la safari zake. Mexico kaona sanamu za watu zilizozamishwa makusudi, sasa zimeota matumbawe usoni. Belize kashuka kwenye shimo la buluu. Bahari ya Shamu kaingia ndani ya meli iliyozama vitani, pikipiki bado zimepangwa mle. Iceland kapita katikati ya ufa wa ardhi, maji ya barafu, meupe kama hewa. Anasema Pemba ndiyo aliyoiweka ya mwisho.

Mimi nimezama Pemba tu. Nimemwonea wivu hadi nikashindwa kumtazama.

Ijumaa, 10 Januari

Hamad yuko msikitini. Naandika upesi.

Tulishuka asubuhi, maji maangavu. Ukuta ulikuwa mzuri kama siku zote, na mimi sikufurahi hata kidogo. Mita ishirini, mkondo ukageuka, ukaanza kuvuta chini. Nikawaashiria wajibane kwenye mwamba. Watatu walijibana. Bi Greta alikuwa mbali kidogo, anapiga picha chewa. Mkondo ukamchukua. Niliona mapezi yake yakipiga na yeye anazidi kushuka.

Niandike ukweli: nilisita. Mkono ulikwenda tumboni. Nikavuta pumzi tatu nikimtazama anavyopungua. Kisha nikamfuata.

Nilimshika kwenye mita thelathini na sita. Nikamvuta pembeni, kwenye kona ya ukuta ambako mkondo haufiki, tukapanda taratibu. Wenzake wakatufuata. Mita tano tukasimama ili miili izoee, muda wote unaotakiwa, na zaidi.

Chomboni aliketi karibu yangu. Akasema polepole, kwa Kiingereza, "Niliuona mkono wako. Miezi mingapi?"

"Miwili."

Ndiyo mara ya kwanza kulitamka. Nilitaka anishukuru. Badala yake alilia, nami nikamchukia kwa kulia kwake.

Jumamosi, 11 Januari

Damu. Kidogo, lakini damu.

Miguu yenyewe ilinipeleka kwa Bi Time. Nikasema yote nimesimama mlangoni. Akafunga kanga yake.

"N'najua toka ulipotapika, mwanangu. Haya, vaa buibui twende."

Njia nzima hadi Wete alinishika mkono. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu.

Moyo wa mtoto unapiga. Nimeuona kwenye kioo cha mashine, kitu kidogo kinachemkachemka. Daktari hakuahidi zaidi ya hapo. Nilale wiki mbili, nisinyanyue kitu. Bahari, hadi nijifungue, hapana.

Hamad ameambiwa na mama yake. Ameingia, kanitazama, katoka.

Jumatano, 15 Januari

Siku ya nne ya kulala. Hamad hasemi nami ila salamu. Misumari ya bati nimeihesabu hadi nimeichoka. Damu imepungua. Meneja kaleta salamu, na habari kwamba kuna msichana wa Unguja atashika nafasi yangu. Ya muda, kasema. Simwamini.

Nakichukia kitanda hiki. Nampenda aliyeniweka humu. Yote mawili ni kweli.

Alhamisi, 23 Januari

Siku ya tano bila damu. Bi Time kapika uji wa mtama, kanisimamia hadi nimalize.

Alasiri Hamad amerudi kutoka skuli anakofundisha, kaketi kwenye mkeka kando ya kitanda. Kavua kofia, kaiweka gotini. Kisha:

"Huko chini kuna nini?"

Nilidhani ananitega. Miaka minne ya ndoa, mtoto wa Kiuyu, kakulia pwani, hajawahi kuuliza hilo. Nikamtazama. Alikuwa anauliza kweli.

Nikaanza na rangi. Nikamwambia nyekundu ndiyo ya kwanza kupotea, ukifika chini hata kidonda chako hukiona kijani. Akauliza kama kuna kimya. Nikamwambia hapana, matumbawe hutatarika mchana kutwa kama mafuta kwenye kikaango. Akauliza kama mimi huogopa. Nikamwambia ndiyo.

Ikaadhiniwa. Nikanyamaza ili aende msikitini.

"Malizia kwanza," akasema.