Ebo Bado Anafunga Kontena

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Mtu mkubwa asipojiandika mwenyewe, wataandika wapumbavu. Basi naandika. Vituo vya afya thelathini na saba vya mkoa huu vinaendeshwa na mimi. Waziri ana gari na miwani. Mimi nina jenereta! Umeme wa Takoradi ukikatika, vijana wote wa kompyuta ofisini, na shahada zao, wanageuka kunitazama mimi mlinzi kama vifaranga wanavyomtazama mama yao. Navuta kamba mara moja tu. Mara moja!

Na hiyo kazi yao ya kontena, nani aliianza? Mimi. Miaka kumi na minne bandarini. Niliwahi kuzuia kontena la kuku wa barafu kwa bega hili la kushoto, winchi imekatika, mabaharia Wakorea wanalia. Ebo, mtoto wa dada yangu, alikuwa akiniletea dokono, ule ugali wa mahindi uliochachuka, na samaki pale getini, anatazama. Alipokuwa mkubwa akaenda kusoma mambo ya kompyuta, akarudi kuniambia: Mjomba, na sisi tunafunga kontena, ila zetu hazina chuma. Programu inapakiwa pamoja na kila kitu inachohitaji, inafungwa, ukiifungua Takoradi au kijijini kabisa ni ile ile. Nikamwambia, umeniibia akili.

Zamani walifunga kwa mkono. Huyu amesahau hiki, yule kile. Ebo akatengeneza mashine inayofunga yenyewe. Fundi akipeleka badiliko la programu tu, inaamka, inapakia, inapima, inafunga, inapeleka ghalani kule mtandaoni, na vituo vinachota humo. Na kila asubuhi saa tatu inafunga moja hata kama hakuna aliyeleta kitu. Kisha skrini ya ukutani inaandika kwa kijani: EBO ARHIN AMEFUNGA KONTENA JIPYA. LIKO GHALANI.

Ebo tumemzika mwaka jana. Ajali, barabara ya Tarkwa.

Skrini haijaambiwa.

Leo saa tatu na dakika mbili nimekaa na chai yangu, likaja. Kijani. Dada Esi, mama yake, akapiga simu kama kila siku. Hasalimii tena. Anauliza tu: Kaka, amefanya kazi leo? Nikamwambia, amefanya. Akashusha pumzi, akakata.

Jumanne, 7 Novemba

Araba ameniita pembeni. Ndiye mkubwa wa mafundi sasa, baada ya Ebo. Binti mwenye adabu, lakini macho yake yanapima.

Anasema mashine inafanya kazi kwa ufunguo wa Ebo mwenyewe, si wa ofisi. Ghala lenyewe Ebo alilifungua kwa jina lake, enzi zile wapo watatu na meza moja. Ufunguo una umri wa mwaka. Ijumaa unakufa. Kuutengeneza mwingine lazima waingie kama Ebo. Nywila wameipata kwenye daftari lake. Lakini ghala likishapewa nywila linadai tarakimu sita, na tarakimu zinatokea kwenye simu yake tu, zinabadilika kila nusu dakika.

— Mjomba, ile simu yake... kweli mliizika naye?

Kow, fundi mwenzake, alikuwa anapita na bakuli la waakye, wali wa kunde. Akadakia: "Araba, wewe hujaisikia hadithi? Iliita ndani ya jeneza! Mchungaji akakimbia na Biblia ya watu! Kapteni, hebu msimulie."

Nikasimulia. Nifanyeje? Mwaka mzima nimeisimulia, hata kule kwenye baa ya kina Kow wananinunulia bia nianze upya. Simu ikaita udongo ukiwa umefika magotini, wabeba jeneza wakatupa kamba, mimi peke yangu nikasimama nikasema, atakayepokea ni nani? Kow alicheka mpaka waakye ikamtoka. Araba hakucheka. Akasema basi itabidi wawaandikie wenye ghala huko ng'ambo, nao watataka cheti cha kifo, wiki tatu, labda nne. Kubadilisha ghala nako kazi: mashine za vituo zinajua anwani moja tu, mtu azungukie vyote thelathini na saba, vingine kwa mtumbwi.

Nikamuuliza, wakipata hizo tarakimu, jina litakalotokea skrini ni la nani?

— La ofisi, Mjomba. Ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo. Hakuna kazi inayopaswa kusimama kwa sababu mtu mmoja hayupo.

Nilijibu, sawa kabisa, hata bandarini ndivyo.

Simu imo kwenye mkebe wa Milo, kabatini kwangu. Ina chaji asilimia mia. Siku zote ina chaji asilimia mia.

Alhamisi, 9 Novemba

Kow kapeleka badiliko mchana. Mashine ikaamka, ikafunga. Kijani. Jina lake.

Nikakaa mpaka skrini ikazimika yenyewe. Mwanga ule wa kijani ukabaki machoni, nikitazama ukuta naliona jina ukutani, nikitazama kiganja naliona kiganjani.

Ijumaa, 10 Novemba

Saa tatu. Nyekundu.

EBO ARHIN HANA RUHUSA. AMEZUIWA MLANGONI.

Sikuwahi kuona maneno ya namna ile. Mwaka mzima mtu yuko kaburini nikamwona anaingia na kutoka kama mwenye nyumba, leo ndiyo amezuiwa. Mashine haikati tamaa, kila nusu saa inajaribu tena. Kila nusu saa amezuiwa mlangoni. Mpaka saa sita nimehesabu mara saba. Kow mwenyewe hakufanya mzaha. Alichukua karatasi akaibandika juu ya skrini, lakini wekundu unapenya.

Dada Esi kapiga. Kaka, amefanya kazi leo?

Nikasema umeme umekatika.

— Na jenereta yako?

Nikasema mafuta.

Akasema: "Wewe hujawahi kuishiwa mafuta." Ndiyo sifa pekee ya kweli niliyopewa mwaka huu, nimeipata siku niliyodanganya.

Jumamosi, 11 Novemba

Wametuita wote leo, ingawa si siku ya kazi. Muuguzi mmoja wa kituo cha juu mtoni kapiga simu. Anasema mashine ya kituo, ile inayowakokotolea dozi, inamwambia mtoto wa kilo nane apewe dawa ya malaria ya mtoto wa kilo kumi na nane. Mara tatu kaandika, mara tatu jibu ni hilo. Yeye ana miaka ishirini kazini, akakataa, akahesabu kwa kichwa.

Ni lile badiliko la Kow la Alhamisi. Amekosea mstari mmoja. Na vipimo vya mashine ya Ebo havikuwa na mtoto mdogo kiasi hicho, hivyo ikapita. Kow amerekebisha kwa dakika kumi. Dakika kumi! Nimemwona akibonyeza. Nyekundu. Amezuiwa mlangoni.

Rekebisho lipo, limekaa pale kama mgeni kwenye mvua. Haliwezi kutoka.

Wamepiga simu vituo vyote, watu wasiiamini mashine, wahesabu kwa mkono. Thelathini na vinne vimepokea. Vitatu mtandao wao unakuja na kuondoka, simu haiingii.

Araba hakuniangalia siku nzima. Afadhali angeniangalia.

Jumapili, 12 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimesema mguu.

Nilitoa mkebe. Huwa naipigia kila Jumapili ili laini isife. Naweka simu mbili mezani, yangu na yake. Nabonyeza yangu, yake inatetemeka, inasogea, inazunguka kidogo kama mtu anayetafuta namna ya kulala vizuri. Siipokei. Nani apokee? Inanyamaza, naifuta vumbi, nairudisha.

Leo nilifungua. Mchoro wa kufungulia naujua, alikuwa akiuchora mbele yangu, kidole kinapanda kinashuka kama paa la nyumba. Kile kikasha cha tarakimu kipo kweli. Tarakimu sita. Pembeni kuna duara dogo linaliwa polepole, likiisha zinakuja nyingine. Nimekaa natazama. 418 na nini sijui. Zikafa. Zikaja nyingine. Zikafa. Mwaka mzima zimekuwa zikija na kufa ndani ya mkebe wangu wa Milo, hakuna aliyeziomba.

Nilifunga mkebe.

Jumatatu, 13 Novemba

Kimoja kati ya vile vituo vitatu kimepatikana. Muuguzi wa huko ni binti mgeni kazini, ameshuka kwa mtumbwi mpaka penye mtandao. Araba aliweka simu mezani tukasikia wote. Ijumaa alimpa dawa mtoto wa kike, kilo nane na nusu, kama mashine ilivyosema. Mtoto amelala kwenye dripu. Anatapika. Mama yake hataki kuongea na mtu.

Muuguzi akasema: "Na huyu Ebo Arhin ni nani? Chini ya skrini imeandikwa limefungwa na Ebo Arhin. Mama wa mtoto ameniomba jina la aliyefanya hivi. Nimemwandikia hilo."

Kow akainuka akatoka nje.

Nimekwenda kukaa karibu na jenereta. Haikuwa inanguruma, umeme ulikuwepo. Nikawaza hivi: kontena la mwisho ambalo Ebo amefunga duniani ni hilo. Hakulifunga yeye, lakini jina ni lake, na yule mama anakaa na kikaratasi mkononi. Nimelificha jina lake lisifutwe. Mimi ndiye nimelipeleka mpaka kule.

Nilimfuata Araba mezani kwake. Nikasema kesho Ebo anatimiza mwaka, familia inakutana nyumbani kwangu, njooni wewe na Kow, mje na kompyuta. Akauliza, kompyuta ya nini, Mjomba? Nikasema njooni tu. Nikaondoka haraka kabla sijaanza kusimulia kitu.

Jumanne, 14 Novemba

Naandika nimesimama, chumbani kwangu, mlango nimeurudisha. Nje wanaongea taratibu.

Asubuhi mimi ndiye niliyemimina kinywaji chini, nani mwingine? Mjomba ndiye mlango wa ukoo. Niliwaita waliotangulia mmoja mmoja, majina ya babu zangu saba, sikukosea hata moja. Nilipofika kwa Ebo ulimi ukakataa. Dada Esi ndiye aliyelitamka, kwa sauti ndogo, nikamimina.

Halafu nikasema. Mbele ya Dada, mbele ya Araba na Kow. Nikasema simu haikuzikwa. Iko humu ndani.

Kow akafungua mdomo. "Na mchungaji? Na Biblia?" Araba akampiga kiwiko. Kisha yeye mwenyewe akauliza polepole, tangu lini, Mjomba? Nikasema tangu siku zote. Nilitegemea matusi. Akafungua kompyuta juu ya mapaja, palepale kwenye kiti cha plastiki kati ya waombolezaji, akasema: "Ilete. Mtoto amefungua macho leo asubuhi, lakini vituo viwili bado hatujavipata. Kila saa ni mtoto mwingine."

Dada Esi alinishika mkono. Nilidhani atakataa. Akauliza: "Kwa hiyo kesho nikikupigia, utaniambia nini?" Akasema, nenda kalete.

Nimeingia. Kabati tupu. Tupu! Dada amelisafisha jana kwa ajili ya wageni, vitu vyote amevitia kwenye kapu, na kapu amelitumia kuwekea vitambaa vya waombolezaji, na vitambaa vimegawiwa nyumba nzima, huku na huku. Nimemuuliza kupitia dirishani, hakumbuki mkebe wowote.

Araba anaita: Mjomba, si ina chaji? Ipigie tu, tutaisikia!

Ina chaji. Asilimia mia. Simu yangu iko mkononi, namba yake iko juu kabisa. Dirishani naliona kapu, huenda mkebe umo bado chini yake. Lipo miguuni pa Araba hasa, na mkono wa Kow uko juu yake, anachezea kitambaa.

"Mjomba! Piga!" Kow sasa. "Au mtandao umezikwa?"

Dada anasema, mwacheni, ana uchungu. Wanafikiri nalia humu. Wanafikiri siwezi kusikia simu ya marehemu ikiita mbele ya mama yake.

Ngoja niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Nikipiga, Kow ataitoa mkebeni, skrini itawaka kubwa mikononi mwake, na picha yangu nimevaa kofia ya bandari, na chini yake jina ambalo Ebo alinihifadhia kwa sababu ya hadithi zangu. Nimeliona kila Jumapili kwa mwaka mzima. Limeandikwa: MJOMBA GAWA KWA KUMI.