Majani ya Kulewesha Samaki na Uvimbe wa Feza

Bahati mujukuu wangu,

Mvua imenyesha, imekatika, imerudi tena, na wewe bado hatukuoni hapa Kibabi. Nani alikufundisha kukaa hivyo? Njia ya kwenda kwenye lopitali yenu ya kazi Bukavu uliijua, ya kurudi imekupotea? Ao umeoa bibi wa muji, anafunga mulango na ufunguo? Katekista njo anaandika maneno yangu mimi koko yako, nimemukataza kuyatengeneza. Anacheka. Acha acheke, mradi aandike.

Unakumbuka ile safari yetu ya Walikale, kwa kaka zangu, wakati wa kiangazi? Ulikuwa mudogo, tumbo mbele kama ngoma. Sisi wanawake tulikuwa tunaponda majani juu ya mawe, tunayamwaga mutoni, samaki wanalewa, wanageuza tumbo juu. Wewe unawaokota na kikapu, unapiga kelele: "Koko, huyu amelala! Na huyu amelala!" Wanawake wenye mimba walikaa mbali, kule juu na vyungu. Hiyo njo desturi ya kwetu: mwenye mimba hagusi yale majani, hata harufu yake haisogelei. Ulimuuliza mama yako mudogo Feza kwa nini. Alikujibu, "Yanakataza vitu kukua."

Kitu chenye hukujua ni kwamba Feza mwenyewe alikuwa na mimba siku ile, changa kabisa. Alikuwa ameolewa juzi tu. Aliona haya kwenda kukaa na vyungu, maana wote wangejua na kumuchokoza. Akaponda na mikono yake kama sisi wengine. Ile mimba haikukaa. Hakuna aliyemulaumu, lakini tangu hapo aliuchukia ule muti. Hata shina nililopanda huku nyuma ya nyumba, alikuwa analipita amegeuza uso.

Sasa sikia. Feza iko na uvimbe ndani ya titi. Ulianza kama mbegu ya haragi, leo ni kama yai la kuku, mugumu, na haumuumi. Jina lake wewe unalijua kuliko mimi.

Mara ya mwisho ulituambia hapa kwenye moto kwamba munganga wenu wa lopitali anatafuta dawa ya ugonjwa huo ndani ya miti. Wanasaga majani, wanatenga nguvu yake, wanawapa panya wenye uvimbe, tone kwa tone. Nilikuchokoza: "Panya? Wakipona mutawapeleka wapi, kanisani?" Ukasema, "Koko, afadhali sumu ikosee panya kuliko ikosee muntu." Wote tulicheka, lakini neno lako liliniingia. Kitu chenye kinazuia mutoto kukua tumboni, uvimbe utakishinda kwa nini?

Feza naye aliwaza vilevile, si ni mutoto wangu? Juzi nimemukuta nyuma ya nyumba, majani mukononi.

"Mama, haya yalininyima mutoto. Sasa yanilipe."

Nikamunyang'anya. "Feza, haya hayajui kuchagua. Yataua uvimbe na mwenye uvimbe."

"Basi umuite huyo Bahati wako. Nitamungoja, lakini si mpaka mahindi yakomae."

Kwa hiyo nakuita. Mimi siogopi. Muti wenye nguvu hivi Mungu hakuuumba kwa ajili ya samaki tu. Mutapata kipimo chake, na kama si chake, cha muti mwingine ndugu yake, maana pori yetu ni kubwa na panya hawatawaishia. Pengine siku hiyo itamuchelewea Feza. Hapo sikudanganyi, wala yeye simudanganyi. Lakini kisu chenu cha kupasua kiko, na mutoto wangu bado iko na nguvu: analima kilima kizima, na jana amenigombeza sababu ya chumvi. Muntu wa kufa hagombani na chumvi.

Majani nimekukatia, nimeyaanika kivulini, yangoje kwenda kwa munganga wako. Kaa na Mungu huko uliko, mutoto wa mutoto wangu, ninayekupenda hata nikikutukana.

Siku utakayofika, uje na gari ya kumubeba. Usianze kwangu kunisalimia, nitakusikia tu, nitavumilia. Ingia kwa Feza. Shika ule uvimbe na mikono yako ya kazi, umuambie kweli yote, hata ikiwa mubaya, na usitoke mpaka akubali kupanda gari. Halafu njo ukuje kula.

Koko yako