Bunduki ya Thabo imekubali

Hyasinta usinipigie, siwezi kuongea. Soma tu.

Unaijua ile bunduki mume wangu anayojiundia gereji kwa vyuma vya bei rahisi? Kila Jumapili analalamika haijipakii risasi yenyewe. Leo mchana alikuwa anaijaribu kwa risasi bandia. Mimi niko jikoni, naongea na mama kwa simu, yuko Songea.

Mama akasema, mwite mjukuu wangu anisalimie. Nomsa ana homa, alikuwa amelala kwenye kile chumba tulichokitenganisha na gereji kwa mbao. Hakutaka kuamka. Nikamfokea! Amezaliwa huku ugenini, Kiswahili chake chote si ni salamu moja tu. Akaja anaburuta miguu, akashika simu.

"Shikamoo, Bibi."

PAA!

Shoga, moja haikuwa bandia. Thabo alizichanganya na za kweli kwenye kopo moja la kahawa. Kopo MOJA!

Nikakimbia chumbani. Ukuta una tundu. Mto wa Nomsa una tundu. Nikaushika, bado una joto la kichwa chake.

Na Thabo, hajaona chochote, anapiga kelele huko gereji kwa furaha: "Melania! Imekubali! Imejipakia yenyewe!"

Imekubali. Hyasinta, alisema imekubali.

Sasa Thabo ameshaona, amekaa sakafuni, ameukumbatia ule mto. Mama aliuliza ule mlio ni nini, nikamwambia mlango.

Nomsa ananivuta gauni, anataka kurudi kulala. Nimlaze wapi?